Dibaga ya Fuse haionyeshi mistari yangu ya BASIC. Nianzie wapi?

*"Ndugu mtaalamu, natengeneza mchezo mdogo wa ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, kwa kutumia ZX BASIC ya Boriel kwenye laptopu ya Linux, na ninaujaribu ndani ya emuleta ya Fuse, programu inayoiga Spectrum. Ulipokuwa kwenye BASIC ya kawaida ulikwenda polepole lakini sawasawa. Baada ya kuukompaili umepata kasi nzuri, ila yamezuka mambo mawili. Kwanza, rangi za vyumba zinapakwa kwenye mistari minane ya juu ya skrini tu, na zile za chini zinatokea huko huko juu. Pili, alama za mchezaji zinaruka zenyewe, kwa mfano kutoka 40 hadi 296. Hili la pili lilianza nilipoongeza maadui kutoka 8 hadi 12. Nimefungua dibaga iliyomo ndani ya Fuse, nikakuta namba na herufi tupu, hakuna mstari wangu hata mmoja. Niliandika break 340 kwa sababu nadhani kosa liko mstari wa 340, lakini mchezo uliendelea kana kwamba sikuandika kitu. Rafiki yangu anasema kompaila ina kasoro na kwamba niandike upya kwa asembli, yaani kwa amri za prosesa moja moja. Je, dibaga hii haifanyi kazi na BASIC? Halafu mjomba ameniletea Spectrum halisi ya 48K kutoka Uingereza. Humo mchezo haufunguki kabisa, ukimaliza kupakia tu mashine inajiwasha upya. Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu yanayofanana kwa sura lakini kila moja lina chanzo chake, na ukiyachanganya utazunguka mwezi mzima. Kwa hiyo niyatenganishe mapema. Dibaga yako, yaani chombo cha kusimamisha programu na kuichungulia ndani, ni nzima. Kompaila nayo, kwa dalili ulizozieleza, haina kosa. Rangi na alama zinatokana na makosa mawili madogo katika programu yako, na yote mawili yanaonekana wazi ukijua pa kutazama. Suala la mashine halisi ni la peke yake, huenda halihusu programu yako hata kidogo, na nitaliweka mwisho.

Tuanze na kwa nini huoni mistari yako. Ulipokuwa unatumia BASIC iliyomo kwenye ROM ya Spectrum, yaani kumbukumbu yake ya kudumu, mistari yako ilikaa ndani ya kumbukumbu kama ulivyoiandika, kwa kawaida kuanzia anwani 23755, na ROM ilikuwa inasoma mstari mmoja mmoja na kuufasiri papo hapo. Ndiyo maana ikikwama inaweza kukuambia "3 Subscript wrong" pamoja na namba ya mstari: wakati wote inajua iko wapi. Kompaila haifanyi hivyo. Inasoma programu yako mara moja, kwenye laptopu, inaigeuza kuwa amri za Z80, prosesa ya Spectrum, na kinachoingia kwenye Spectrum ni hizo amri tu, zikianzia anwani 32768 usipoibadilisha. Namba zako za mistari hazisafiri. Majina ya vigeu vyako hayasafiri pia. Fuse inapoangalia kumbukumbu haina njia ya kujua kama baiti hizo zilizaliwa na BASIC, C au asembli. Inaona mashine, na inakuonyesha mashine.

Sasa ile break 340 yako. Dibaga ilikutii kabisa. Kwake namba 340 ni anwani, yaani 0x0154, na anwani hiyo iko ndani ya ROM, katikati ya jedwali ambamo yameandikwa maneno ya BASIC yenyewe kama PRINT na GO TO. Hapo pana herufi, hapana amri, kwa hiyo prosesa haipiti hapo kutekeleza kitu. Kituo chako kiliwekwa, kikasubiri mahali ambapo hakuna mpitaji.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupata ramani inayounganisha majina unayoyajua na anwani ambazo dibaga inazijua. Kompaila inaitengeneza ukiiomba:

zxbc -t -B -a -O0 --mmap mchezo.map mchezo.bas

Chaguo tatu za mwanzo unazijua: faili la tap, programu ya kulipakia, na kuanza lenyewe. Ile -O0 inaiambia kompaila isiboreshe kitu, ili amri zifuatane kwa karibu na ulivyoandika. Ukimaliza kutafuta kosa utairudisha kasi. Na --mmap inatoa faili la maandishi lenye anwani na majina. Lifungue. Kigeu chako alama kitakuwa humo kwa jina _alama, na sub au function zako, yaani vipande vya programu ulivyovipa majina, nazo zitakuwa humo kila moja na mstari wake wa chini mbele ya jina. Pata pia matini ya asembli ambayo kompaila imeizalisha, kwa chaguo la -A, uiweke kando. Huhitaji kuielewa yote. Utahitaji kutambua umefika wapi tu.

Jambo moja ambalo huwachanganya wengi hapa: vigeu ulivyovitangaza ndani ya sub au function havimo kwenye ramani. Havina anwani ya kudumu. Vinakaa kwenye rundo la prosesa na vinafikiwa kupitia rejista ya IX, mojawapo ya nafasi ndogo za namba ndani ya prosesa, wakati sub hiyo inapofanya kazi, na ikimaliza vinatoweka. Kigezo cha kwanza unachopitisha kwenye sub, kikiwa cha baiti moja, hukaa kwenye IX+5. Kama unataka kukifuatilia kigeu cha aina hiyo na bado ni mgeni, kitoe nje ya sub kwa muda, kiwe cha programu nzima, nacho kitajitokeza kwenye ramani.

Na kama unataka kusimama mahali fulani katikati ya programu, usihangaike na namba ya mstari. Panda alama yako mwenyewe:

asm
kituo1:
nop
end asm

Ukikompaili tena, kituo1 kitakuwa kwenye ramani na anwani yake. Amri ya nop haifanyi lolote, inapita tu. Njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa wanaoanza ni kuandika POKE 23728, 1 (yaani weka 1 kwenye anwani 23728) mahali pamoja, POKE 23728, 2 mahali pengine, na kadhalika. Anwani 23728 imo katika eneo la vigeu vya mfumo, na mwongozo wa Spectrum unaiorodhesha kuwa haitumiki, hivyo humkanyagi mtu. Kwenye dibaga unaandika break write 0x5CB0, ambayo ni anwani hiyo hiyo, na kila mara programu ikipita kwenye alama zako inasimama. Uzuri wake ni kwamba anwani hii haibadiliki hata ukikompaili mara ngapi, wakati anwani nyingine zote zinasogea kila unapogusa programu. Hilo la kusogea uliweke moyoni: kila ukikompaili, soma ramani upya, andika delete kwenye dibaga ili ufute vituo vyote vya zamani, kisha uviweke tena. Mtu anayetumia ramani ya jana kwa programu ya leo anaishia kulaumu dibaga.

Amri utakazozihitaji ni chache. Unaifungua kwenye menyu ya Machine, kisha Debugger, na mchezo unasimama. Ukiandika break na anwani unaweka kituo. Ukiongeza neno write, kama nilivyofanya juu, kituo kinausimamisha mchezo pale tu kitu kinapoandikwa kwenye anwani hiyo. step inatekeleza amri moja ya Z80. next inaruka juu ya mwito wa sub bila kuingia ndani. continue inaachia mchezo uendelee. ignore 1 7 inaipa kituo namba 1 ruhusa ya kupitwa mara saba kwanza. Namba zenye 0x mbele ni za heksadesimali. Zisizo nayo ni za kawaida. Na kwenye menyu hiyo hiyo ya Machine kuna Memory Browser ya kutazama kumbukumbu yenyewe.

Haya, rangi zako. Ninakisia kwa uhakika mkubwa kwamba una kitu kama hiki:

Dim x, y As UByte
Poke 22528 + y * 32 + x, rangi

Hesabu ni sahihi kimawazo. Rangi za Spectrum zinaanzia anwani 22528, kila mstari wa skrini una baiti 32, na mistari ni 24, jumla baiti 768. Kwenye BASIC ya ROM ilifanya kazi kwa sababu kule kila namba inabeba baiti tano na inaweza kuwa kubwa sana. Lakini ulipohamia ZX BASIC ulitangaza y kuwa UByte, aina inayobeba 0 hadi 255 tu. Kompaila inapokutana na y * 32 inatazama pande mbili za alama ya kuzidisha: y ni UByte, na 32 inatosha kwenye UByte. Basi inazidisha ndani ya baiti moja, na jibu linakuwa la baiti moja. Haitazami mbele kuona kwamba jibu litajumlishwa na 22528. Na baiti ni kama kibaba: kikishajaa, kinachozidi kinamwagika na hakuna wa kukiokota. y ikiwa 7, jibu ni 224, linaenea. y ikiwa 8, jibu linapaswa kuwa 256, lakini baiti inabaki na 0. Mstari wa tisa wa skrini unageuka wa kwanza. Ndiyo mistari minane uliyoihesabu, kamili.

Usiniamini kwa maneno tu, maana hapa ndipo dibaga inapolipa gharama yake. Chukua y sawa na 8 na x sawa na 3. Anwani unayoitaka ni 22528 + 256 + 3, yaani 22787, ambayo ni 0x5903. Anwani ninayodai kwamba programu inaiandikia ni 22531, yaani 0x5803. Subiri mchezo upakiwe na ufike mahali pa kusubiri kitufe, ndipo uweke break write 0x5903 na break write 0x5803, kisha achia. Ukisimama kwenye 0x5803 wakati chumba kinapaka mstari wa tisa, na 0x5903 isiguswe kabisa, mjadala umekwisha. Tazama amri zilizo juu kidogo ya pale uliposimama: utaona kuzidisha kukiishia kwenye rejista A peke yake, kisha ld l, a, kisha ld h, 0. Hiyo sifuri inayoingizwa kwenye H ndiyo baiti ya juu ambayo ingebeba ile 256. Wakati baiti inapanuliwa kuwa mbili, kilichomwagika kilikwisha kumwagika.

Dawa ni kupanua kuwa UInteger, aina ya baiti mbili, kabla ya kuzidisha:

Poke 22528 + Cast(UInteger, y) * 32 + x, rangi

Z80 haina amri ya kuzidisha, kwa hiyo kuzidisha kwa baiti mbili kunakula muda zaidi. Kama hapo ni mahali panapopitwa mara nyingi, andika (Cast(UInteger, y) << 5) pamoja na mabano yake, kwani kusogeza biti mara tano ni sawa na kuzidisha kwa 32. Ninakusihi usiruke tu na kubadilisha vigeu vyako vyote kuwa UInteger kwa woga. UByte ndiyo aina ambayo Z80 inaifanyia kazi kwa wepesi zaidi, na sehemu kubwa ya kasi unayoifurahia inatoka humo. Panua pale ambapo jibu linaweza kuvuka 255, basi.

Tukiwa hapo hapo, kagua mizunguko yako. For i = 0 To 255 ambamo i ni UByte haitamalizika milele: ikifika 255 na kuongezwa moja inarudi 0, na 0 haijawahi kuwa kubwa kuliko 255. Mchezo unaganda bila ujumbe wowote, na ukifungua dibaga utakuta i inazunguka tu. Ni kosa lile lile kwa vazi jingine.

Sasa alama, ambazo kwangu ndizo zenye kufundisha zaidi. Umeniambia zilitoka 40 zikawa 296. Toa moja kwenye nyingine: 256 kamili. Namba hiyo si ya bahati. UInteger inakaa kwenye baiti mbili, na Z80 huweka baiti ndogo kwanza, kubwa ikifuata. Arobaini ni 40 ikifuatiwa na 0. Mia mbili tisini na sita ni 40 ikifuatiwa na 1. Kwa hiyo hakuna aliyeongeza alama zako. Kuna mtu ameandika 1 kwenye baiti moja, ile iliyo mara baada ya mwanzo wa _alama, na baiti ya kwanza hakuigusa.

Nani anaandika 1 kwenye baiti moja moja? Umesema tatizo lilianza ulipoongeza maadui kutoka 8 hadi 12. Ningeweka dau kwamba una safu ya kuonyesha adui yupi yuko hai, kitu kama Dim hai(8) As UByte, na kwamba uliongeza maadui kwenye mzunguko lakini hukuigusa Dim. Katika ZX BASIC safu hiyo ina nafasi tisa, kuanzia 0 hadi 8. Ukiandika hai(10) = 1, BASIC ya ROM ingekusimamisha kwa ujumbe. Programu iliyokompailiwa, usipoiomba ikague, inahesabu tu mwanzo wa safu, inaongeza 10, na inaandika hapo, pawe pa nani pawe. Kama jirani aliyepo hapo ni alama, ndiye anayeumia.

Hiyo ni dhana. Kuithibitisha kunakwenda hivi. Tafuta _alama kwenye ramani na uongeze moja. Tuseme ramani yako inasema 0x9A20. Basi unataka 0x9A21. Mchezo ukishapakiwa na kusimama kwenye menyu yake, andika break write 0x9A21. Usiiweke kabla ya kupakia, kwa sababu kupakia kwenyewe ni kuandika kwenye kumbukumbu. Kisha cheza. Utasimama mara kadhaa kihalali, kwani kila unapoongeza alama programu inaandika baiti zote mbili pamoja. Angalia rejista ya PC, inayoshika anwani ya amri ya kutekelezwa, kila unaposimama na uinukuu kwenye karatasi. Mahali pa halali patakuwa pale pale kila mara. Siku PC ikikuonyesha mahali pengine, umemkamata. Kumbuka kwamba Fuse inasimama baada ya kuandika kufanyika, kwa hiyo PC inaonyesha amri inayofuata, na mkosaji yuko amri moja nyuma.

Kurudi kutoka PC hadi kwenye BASIC yako, chukua ramani, tafuta jina lenye anwani kubwa zaidi isiyozidi PC hiyo. Jina hilo litakuambia uko ndani ya sub gani. Ndani ya sub, linganisha amri unazoziona kwenye dibaga na zile za faili la asembli, ambamo majina kama _hai na _alama yameandikwa, na utaona ni mstari upi. Mara ya kwanza itakuchukua muda. Ukisharekebisha, usiandike tu Dim hai(12); tangaza Const MAADUI As UByte = 12 na utumie jina hilo kwenye Dim na kwenye kila mzunguko, ili siku ukitaka 20 ubadilishe mahali pamoja.

Nisipokuambia linalofuata nitakuwa nimekunyima haki yako: kwa kosa hili la safu, pengine huhitaji dibaga kabisa. Kompaila ina chaguo la --debug-array, linaloweka ukaguzi kwenye kila matumizi ya safu na kuisimamisha programu inapovuka mpaka. Programu itavimba na kupungua kasi, ndiyo maana haliwashwi lenyewe, lakini wakati wa kutengeneza ni gharama ya kulipa kwa furaha. Ongeza --debug-memory kama unatumia stringi, yaani vigeu vya maneno. ZX BASIC inatenga eneo la baiti 4768 kwa ajili yake usipobadilisha kwa --heap-size, na likijaa bila ukaguzi huo, maneno yanatoka matupu na hujui kwa nini. Ongeza --enable-break ili CAPS SHIFT na SPACE viweze kukutoa kwenye mzunguko usioisha. Na --explicit ili kompaila ikatae kigeu ambacho hukukitangaza, maana herufi moja iliyokosewa kwenye jina inazaa kigeu kipya kimya kimya. Ningekuwa wewe ningewasha yote manne leo, nikakompaili, nikacheza dakika kumi, kabla sijaweka kituo hata kimoja.

Dibaga ina zamu yake pale ukaguzi huo usipofika: POKE ya anwani uliyoikokotoa mwenyewe, kama ile ya rangi, vipande vya asembli ulivyovitia, au kumbukumbu inayoharibika bila kupitia safu. Kama una vipande vya asembli, kuna mambo mawili ya kutazama kwenye dirisha la rejista. IX lazima irudi kama ilivyokuwa kabla ya kipande chako, la sivyo sub itapoteza vigeu vyake. Na IY inapaswa kuwa 0x5C3A, kwa sababu katizo la ROM, kazi fupi inayoikatiza programu mara 50 kwa sekunde, linaitegemea. Ukiikuta IY ina namba nyingine wakati mchezo umeganda, huna haja ya kutafuta mbali.

Na kwa maswali madogo ya "je, tunafika hapa?" usione haya kutumia njia za zamani. PRINT AT kwenye kona ya skrini inatosha mara nyingi, ingawa inachukua muda na inaweza kubadilisha mwendo wa mchezo. BORDER 2 kabla ya sehemu fulani na BORDER 0 baada yake ni nzuri zaidi ukitaka kujua muda: upana wa ukanda mwekundu pembeni mwa skrini unakuonyesha sehemu hiyo inakula kiasi gani cha kila picha. Hilo dibaga haikuonyeshi kwa jicho mchezo ukiendelea, kwa sababu dibaga inausimamisha.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, nia yake ni njema lakini sikubaliani naye. Katika asembli ungeandika mwenyewe ile ld h, 0, au ungesahau kabisa H ina nini, na hakuna --debug-array ya kukulinda. Asembli ijifunze kidogo kidogo kwa kusoma kile kompaila inachokizalisha, jambo ambalo utakuwa tayari unalifanya. Programu iandike kwa lugha inayokufikisha mwisho. Na kuna emuleta nyingine zenye dibaga, ZEsarUX mojawapo, lakini kuhama sasa hakutakusaidia. Nazo zitakuonyesha anwani na rejista zile zile.

Nije kwa mashine ya mjomba. Kama mchezo unakwenda kwenye Fuse, huku ukiwa umechagua humo mashine ya 48K, lakini kwenye mashine halisi unajiwasha upya mara tu unapoanza, fanya jaribio moja kabla ya kushuku programu. Iwashe bila kupakia kitu na uandike:

PRINT PEEK 23732 + 256 * PEEK 23733

Spectrum inapowashwa inapima kumbukumbu yake na kuandika hapo anwani ya mwisho iliyo nzima. Ukipata 65535, kumbukumbu yote 48K imeonekana. Ukipata 32767, una mashine ya 16K, au ya 48K ambayo kumbukumbu yake ya juu haisomeki. Na programu yako inaanzia 32768. Michezo midogo ya zamani ingefunguka humo bila shida huku wako ukianguka, kwa sababu unapakiwa mahali ambapo hakuna kitu. Namba nyingine yoyote chini ya 65535 inaonyesha chipu iliyokufa. Ukipata 65535 na bado haufunguki, punguza au ongeza sauti ya laptopu unapopakia kupitia tundu la EAR. Baiti zikisomwa vibaya, kwa kawaida Spectrum inakuambia "R Tape loading error", haijiwashi upya.

Hapa ndipo ninapokuomba utafute fundi wa kukaa naye ana kwa ana. Umeme wa kwetu na plagi ni kama za Uingereza, kwa hiyo adapta ya Spectrum inaingia bila shida, lakini ina miaka mingi. Inatoa volti 9 za DC, na ncha ya ndani ya plagi yake ndogo ni hasi, kinyume na adapta nyingi za dukani. Usichomeke adapta nyingine kwa sababu tu imeandikwa 9V. Ukiigeuza hasi na chanya unaweza kuiunguza bodi. Ndani, zile chipu za kumbukumbu ya chini zinahitaji volti tatu tofauti, +5, -5 na +12, na -5 ikipotea zinaharibika moja baada ya nyingine huku mashine ikiendelea kuwashwa. Fundi wa redio au televisheni mwenye mita anaweza kuzipima kwa muda mfupi. Usiifungue adapta yenyewe wewe, na usiiache mashine ikiwaka kwa saa nyingi mpaka zimepimwa.

Wakati mashine iko kwa fundi, endelea na Fuse. Badilisha ile POKE ya rangi kwanza, kwa kuwa ni mstari mmoja. Kisha kompaili ukiwa umewasha --debug-array na ucheze mpaka maadui wote 12 watokee. Ikikusimamisha, tazama Dim zako. Isipokusimamisha na alama bado zinaruka, hapo ndipo uende kwenye break write ya baiti ya pili ya _alama, na ukiniandikia tena nitumie ile orodha ya PC ulizozinukuu pamoja na ramani ya siku hiyo hiyo.